Gia otomatiki ikiteleza: pima mafuta kabla ya kushusha giaboksi

Injini ikinguruma mlimani lakini pikapu haisogei, gia zinateleza. Usikubali giaboksi ishushwe kabla ya kupima mafuta yake. Kwa Toyota Hilux za zamani, egesha mahali tambarare, injini ikiwa ya moto na inawaka. Pitisha gia zote, rudi P, chomoa stiki.

Mafuta mekundu lakini pungufu: kuna kuvuja, ongeza na utafute panapovuja. Meusi yenye harufu ya kuungua: klachi za ndani zimekwisha, kubadili mafuta peke yake hakutasaidia. Mazito ya pinki kama maziwa: maji ya rejeta yameingia, safari iishie hapo.

Taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe, anza na fundi umeme. Huenda ni waya tu. Kabla ya kuvutwa, propela shafti ifunguliwe, la sivyo giaboksi itaharibika njiani.