Miungu, Majaliwa na Vita: Msamiati wa Kusomea Tanzia za Wagiriki

Makala haya yanajadili maneno machache ambayo mwanafunzi wa Rusizi, yaani Cyangugu ya zamani, anayahitaji ili azisome tanzia za Wagiriki wa kale kwa Kiswahili.

Mwaka 1971 Samuel Mushi alichapisha Mfalme Edipode, tafsiri ya tamthilia ya Sofokile. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alikuwa ametoa Kinjeketile, tamthilia inayohusu Vita vya Maji Maji (1905–1907), ambamo pepo Hongo anampanda mtu na maneno ya mtu huyo yanawapeleka wenzake vitani. Kwa hiyo Kiswahili si kigeni katika habari za vita na miungu. Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, hazina hiyo ikawa yetu pia.

Tuanze na tanzia. Kabla ya kuwa istilahi ya fasihi, neno hili lilikuwa, na bado ni, taarifa ya kifo. Asili yake ni neno la Kiarabu la kuwafariji wafiwa.

Neno la pili ni miungu. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kinyarwanda huenda akakumbuka ibigirwamana, neno lenye dharau, linalofaa kwa sanamu za uongo. Wagiriki waliiabudu miungu yao kwa dhati. Tuseme miungu, bila kejeli.

Neno la tatu ni majaliwa. Zamani ajali ilimaanisha siku ya kufa aliyoandikiwa mtu. Leo msikilizaji atafikiria gari lililopinduka. Kwa kile ambacho Wagiriki walikiita moira, yaani fungu alilopewa mtu, majaliwa linafaa zaidi.

Lakini majaliwa lina hatari yake. Mwaka 416 K.K. Waathene waliuteka mji wa kisiwa cha Melos, wakawaua wanaume, wakawauza wanawake na watoto utumwani. Mwaka uliofuata Euripides aliwaonyesha Waathene hao hao tamthilia ya wanawake wa Troia, mateka wa vita. Humo Helena anajitetea kwamba mungu wa kike ndiye aliyemponza. Hekuba, malkia aliyefiwa na wanawe, anaukataa utetezi huo: Helena alifuata tamaa yake mwenyewe.

Hapa Rusizi hoja ya Hekuba si ya mbali. Mwezi Aprili 1994 Watutsi waliotafuta hifadhi walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka. Baadhi yao wakaitwa kwa orodha ya majina, wakatolewa, wakauawa. Kiswahili kina jina la tendo hilo: mauaji ya kimbari. Si vita tu, si ajali, wala si majaliwa, kwa maana orodha huandikwa na mtu.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu zoezi moja. Wanafunzi wakisoma tanzia, wakusanye vitenzi vyote vya kauli ya kutendwa: waliuawa, walitekwa, mji ulichomwa. Kisha waandike upya kila sentensi kwa kauli ya kutenda, wakimtaja mtendaji. Pale watakapoandika "miungu", wajadiliane kama mwandishi anakubali jibu hilo, au ni mhusika tu anayejitetea.