Maneno ya Kuinulia Behewa: Sura Moja ya Historia ya Reli ya Usambara

Mtu atokaye Mnazi, chini ya milima ya Usambara upande wa kaskazini, hana budi kuivuka milima au kuizunguka ndipo aione reli ya Tanga, maana njia hiyo hupita upande wa pili, kwa Korogwe na Mombo. Kazi ya kuijenga ilianza Tanga mwaka 1893. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Habari za kujengwa kwake zimesimuliwa mara nyingi. Lakini habari za behewa lililoacha njia, na za watu waliolirudisha, hazikutazamwa sana, ingawa mna somo ndani yake kwa mwanahistoria na kwa mwanalugha pia.

Winchi ya mvuke ya relini ni chombo chenye nguvu nyingi, lakini si chepesi kutumika. Katika reli yenye upana wa mita moja haiwezi kuinua mzigo mkubwa ulio ubavuni pake mpaka kwanza itoe mihimili yake kando na kuitegemeza juu ya magogo. La sivyo hupinduka yenyewe. Tena haina njia ya kufikia ajali ila reli ile ile iliyozibwa. Na reli ya Tanga haikuungana na reli ya kati itokayo Dar es Salaam mpaka mwaka 1963, ilipofunguliwa njia ya Ruvu hadi Mruazi. Kabla ya hapo winchi ya Dar es Salaam isingaliweza kwenda Mombo kwa magurudumu yake.

Basi yafaa tuikumbuke njia ya kale, ijulikanayo katika reli za nchi nyingi. Magurudumu yaliyobaki relini hukingwa kwa vipande vya miti yasibiringike, na mzigo hushushwa. Jeki huwekwa juu ya mataruma yaliyopangwa kwa kupishana. Behewa hupandishwa kidogo kidogo, na kila lipandapo hutiwa ubao chini yake, ili jeki ikiteleza lisimwangukie mtu. Kisha husogezwa kando mpaka magurudumu yaelekeane na reli, ndipo lishushwe. Likiwa limetoka kidogo tu, kabari za chuma hutosha: huwekwa mbele ya magurudumu, na injini hulivuta polepole hata lipande. Kwa toroli za mashamba ya mkonge, watu wachache wenye mitaimbo huimaliza kazi.

Hapa ndipo lugha itoapo ushahidi wake. Jeki, winchi na injini ni maneno tuliyopewa na Waingereza. Lakini kapi, roda, duara na wenzo ni maneno yaliyotumika pwani na vyomboni. Roda latokana na neno la Kireno lenye maana ya gurudumu. Wenzo ni gogo litiwalo chini ya chombo kinaposhuliwa majini, au mti wa kutegulia kitu kizito. Na leo twasema nyenzo kwa maana ya kila kitu kisaidiacho kazi. Hatudai kwamba kila kibarua wa reli alikuwa baharia. Twasema tu kwamba elimu ya kuhamisha uzito mkubwa kwa kamba, miti na sauti moja ilikuwako katika Kiswahili kabla chuma cha kwanza hakijalazwa Tanga.

Wala jambo hili si la kamusi peke yake. Watu ishirini waliokamata uzito mmoja hulindwa na neno moja: asemaye “shusha” asipoeleweka na mwenzake, mguu wa mtu husagika. Katika kazi hiyo istilahi ni kinga ya mwili. Yafaa basi watunga istilahi, kabla ya kuunda neno jipya, wakae kwanza na wazee wa reli na mashamba, wakawaulize walikuwa wakiitanaje behewa lilipokuwa hewani; kwa kuwa winchi hubaki na kutu yake, lakini neno likifa na msemaji wake halina mtu wa kuliinua.