Kahawa Iliyouzwa Ingali Ua

Wiki hii nataka tulitazame neno moja linalojulikana sana Karagwe, na pia Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Neno hilo ni butura.

Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini. Mkulima hupewa fedha kidogo mwanzoni mwa mwaka. Mavuno yakifika, aliyetoa fedha huja na magunia kuchukua chake. Tumezoea kuwalaani walanguzi, na lawama wanastahili. Lakini historia ina jambo la kutufundisha.

Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kahawa ikawekwa mikononi mwa Mamlaka ya Kahawa. Mkulima alikabidhi mzigo, akapewa malipo ya kwanza, kisha akangojea yaliyobaki. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, kungojea kukaendelea. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka. Msimu wa 1994/95 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua, tena kwa fedha taslimu. Mwaka 2018 ikaagizwa kahawa yote ipitie tena kwenye ushirika.

Kila mara tulimbadilisha mnunuzi. Tarehe ya fedha kumfikia mkulima hatukuibadilisha.

Nilimkuta mzee mmoja huko Kyerwa akianika kahawa ya maganda kwenye jamvi. Nilimuuliza kwa nini aliuza butura. Akasema, "Mwanangu, mtoto aliugua Februari. Ningemwambia asubiri Juni?" Sikuwa na jibu.

Hata magendo ya kuvusha kahawa Mto Kagera kwenda Uganda hayakukomeshwa kwa doria peke yake. Anayevusha gunia usiku anafuata bei, lakini anafuata pia fedha ya papo hapo.

Minada iliyoanzishwa katika wilaya hizi miaka ya karibuni ni hatua njema. Wanunuzi wanashindana hadharani, na mkulima anaisikia bei kwa masikio yake. Lakini yule aliyeuza ua Januari anasikiliza bei ya mali ya mwenzake. Bei ikipanda, anayenufaika ni mwenye fedha, siyo mwenye jembe.

Kwa hiyo kupiga marufuku butura hakutoshi. Chama cha msingi kiwe na mfuko wa mikopo midogo ya miezi ya ukata, yenye riba nafuu, dhamana ikiwa kahawa yenyewe. Na fedha ya mnada imfikie mkulima kwa siku, siyo kwa miezi.

Tunapenda kutangaza kwamba uchumi unakua. Nawaomba viongozi wa ushirika wajiulize unakua kwa ajili ya nani, ikiwa mwenye kibanja alikwisha kuuza sehemu yake kabla ua halijawa tunda.