Miaka Mitano Mashambani

Usiku wa Machi 25, 1741, wanawake walifurika nje ya nyumba moja mtaa wa Hatton Garden, London, kila mmoja kapakata mtoto mchanga. Nafasi zilikuwa 30. Nahodha Thomas Coram alikuwa amebisha hodi kwa wakubwa miaka 17, kwa kuwa hakuweza kustahimili kuona vichanga wametupwa njiani. Mwaka 1739 Mfalme George wa Pili akamridhia, yakaanzishwa makao ya Foundling Hospital.

Waombaji walizidi mno, hata mwaka 1742 ikawekwa kura. Mama alitia mkono kwenye mfuko wa kura akatoa gololi. Akipata nyeupe, mtoto alipokewa, almradi hana ugonjwa. Nyekundu, asubiri, pengine wa mwenzake atakataliwa. Nyeusi, aondoke naye. Aliyepokewa alibatizwa jina jipya, na kipande cha kitambaa, aghalabu kilichokatwa kwenye nguo yake, kikabandikwa kwenye karatasi yake ili mama akirudi amtambue. Wengi hawakurudi. Maelfu ya vitambaa hivyo yangali yamehifadhiwa London, maua yake hayajapauka.

Watoto hawakukaa mjini. Walipelekwa Kent, Surrey, hata Yorkshire, kwa wanawake wa vijijini waliolipwa kuwanyonyesha na kuwalea. Huko mtoto alipata mama wa kumwita mama, na ndugu wa kugombana nao. Akitimiza miaka mitano hivi, alirudishwa London: bweni, sare, kengele, kisha wavulana kwenye ufundi au baharini, wasichana kwenye utumishi wa majumbani. Kwangu mimi huu ndio ukatili mkubwa wa makao yale, ingawa walioyaendesha walikuwa na nia njema. Mtoto alitenganishwa na mama mara ya pili, na safari hii alikuwa na umri wa kukumbuka. Wapo walezi walioomba watoto wabaki nao.

Kati ya 1756 na 1760 Bunge lilitoa fedha kwa sharti kwamba asikataliwe mtoto yeyote. Waliingia karibu 15,000; takriban theluthi mbili walikufa.

Utaratibu wa miaka mitano ulidumu hadi karne ya 20. Mwaka 1935 makao yalihamia Berkhamsted penye hewa safi, lakini maisha yakabaki ya bwenini. Sheria ya Watoto ya 1948 ikatanguliza malezi ya kifamilia, na mwaka 1954 wakaaji wa mwisho wakapelekwa majumbani mwa watu. Jengo la Berkhamsted sasa ni shule ya kutwa.