Jina Refu la Mtoto wa Kike: Habari za Liliʻu wa Hawaii

Jina refu la mtoto huchekesha watu upesi. Msikilizaji huhesabu silabi zake, akadhani ya kuwa wazazi walitaka fahari au walikosa busara. Walakini katika lugha nyingi urefu wa jina hautokani na pambo, bali watokana na sarufi. Jina huwa ni maneno kadha yaliyounganishwa yakawa moja, na asiyeijua lugha husikia sauti tupu pale ambapo mwenye lugha husikia habari kamili. Mfano ulio wazi wapatikana katika visiwa vya Hawaii, ambako majina aliyopewa mtoto mmoja wa kike mwaka wa 1838 yalikuja kuwa jambo la sheria na la dola.

Mtoto huyo alizaliwa Honolulu tarehe 2 Septemba 1838. Mama yake alikuwa Keohokālole na baba yake Kapaʻakea, wote wawili watu wa nasaba ya machifu. Kwa desturi ya huko, haki ya kumpa jina mtoto wa daraja hiyo haikuwa ya wazazi peke yao. Ilikuwa ya mkubwa wa jamaa mwenye cheo cha juu. Wakati ule mkubwa huyo alikuwa Kīnaʻu, binti wa Kamehameha wa Kwanza, aliyeshika madaraka ya Kuhina Nui, yaani mshiriki wa mfalme katika utawala. Siku hizo Kīnaʻu alikuwa akiugua macho. Akamwita mtoto Liliʻu Loloku Walania Kamakaʻeha.

Yafaa kuyachambua majina hayo. Liliʻu ni kuwasha kama kitu kinachounguza. Loloku ni kutokwa na machozi. Walania ni maumivu makali ya kuchoma. Kamakaʻeha lina sehemu tatu: ka, kiambishi cha kutambulisha, maka, jicho, na ʻeha, kuuma. Maana yake, basi, ni "jicho linalouma", na sifa hufuata jina kama ilivyo katika Kiswahili. Majina manne yasimulia ugonjwa mmoja, tangu mwasho wake mpaka mahali ulipo.

Mgeni aweza kuuliza kwa nini mtoto mchanga abebeshwe uchungu wa mtu mwingine. Jawabu ni kwamba hakuandikiwa uchungu. Alifungamanishwa na mkubwa wake, na siku ya kuzaliwa kwake ikatiwa alama isiyosahaulika. Kīnaʻu alifariki mwezi wa Aprili 1839, mtoto hajatimiza miezi minane. Ugonjwa ulikwisha pamoja na mgonjwa, na jina likabaki kuwa ukumbusho.

Jambo hili si geni kwa wasemao Kiswahili. Chausiku hutaja saa ya kuzaliwa, Masika hutaja majira, Shida na Tabu hutaja hali iliyoikuta nyumba. Tofauti ni kwamba Kiswahili mara nyingi hutosheka na neno moja, na masimulizi mengine huachiwa wazee. Lugha ya Hawaii huingiza masimulizi ndani ya jina lenyewe. Tena lugha hiyo ina konsonanti 8 na irabu za namna 5 tu, na kila silabi huishia na irabu. Lugha yenye sauti chache namna hiyo hupata maneno yake mengi kwa kurefusha na kuunganisha.

Mtoto alibatizwa kwa jina la Lydia, na kwa muda mrefu wageni walimjua kwa jina hilo. Kisha mwaka wa 1860 Mfalme Kamehameha wa Nne alitia sahihi sheria ya majina. Iliamuru kwamba mke atwae jina la mumewe liwe jina la ukoo; kwamba mtoto wa ndoa atwae jina la baba yake; na kwamba kila mtoto awe na jina la Kikristo linalofaa jinsia yake. Desturi ya Hawaii haikuwa na jina la ukoo la namna hiyo, na jina moja laweza kuitwa mwanamume au mwanamke. Sheria ililigeuza jina kutoka habari likawa anwani. Lydia alipoolewa na John Owen Dominis mwaka wa 1862, akawa Bibi Dominis.

Hata hivyo desturi ya kale haikufa, wala katika nyumba ya mfalme mwenyewe. Mwana wake wa pekee alifariki mwaka wa 1862, na Malkia Emma, mama wa mtoto, akaitwa Kaleleokalani, yaani "kuruka kwake aliye wa mbinguni". Mwaka uliofuata mfalme naye alifariki, na jina likawa Kaleleonālani. Kilichobadilika ni kiambishi kimoja tu: ka ya umoja imekuwa nā ya wingi. Msiba wa pili wote umo katika silabi hiyo moja.

Mwaka wa 1877 Mfalme Kalākaua alimtangaza dada yake Lydia kuwa mrithi wa kiti, kwa jina la Liliʻuokalani, "mwasho wa mtukufu". Ndilo lile jina la utotoni, limerefushwa ili listahili ufalme. Kwa jina hilo alitawala tangu mwaka wa 1891 mpaka alipopinduliwa mwezi wa Januari 1893. Miaka miwili baadaye, akiwa kifungoni, aliletewa hati ya kujiuzulu, akaamriwa aitie sahihi kwa jina la "Liliuokalani Dominis". Katika kitabu chake cha mwaka wa 1898 alieleza kwamba alizoea kutia sahihi kwa jina la Liliʻuokalani peke yake, katika mambo ya serikali na katika barua zake. Mtu mwenye jina lile la kuunganishwa hakumjua kabisa. Waliomwondoa walitaka saini, lakini walichopata ni jina lisilo na mwenyewe.

Mwaka wa 1896 Kiingereza kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za Hawaii, na wengi wakakua bila kuyafahamu majina ya bibi zao. Sharti la jina la Kikristo liliondolewa mwaka wa 1967, na mwaka wa 1978 lugha ya Hawaii ilirudishiwa cheo cha lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka wa 2013 serikali ya jimbo iliamua kuongeza nafasi ya jina katika vitambulisho ifike herufi 40, baada ya jina la ukoo lenye herufi 35 kushindwa kuenea. Safari hii kilichonyoshwa ni kitambulisho, wala si jina.

Kwa hiyo mwenye kukusanya majina ya watu, Hawaii au pwani ya Afrika ya Mashariki, haitoshi aandike neno na tafsiri yake. Yampasa kuandika nani alilitoa, siku gani, na kwa tukio lipi. Liliʻu bila macho ya Kīnaʻu ni "mwasho" tu, na hakuna kamusi iwezayo kurudisha kilichosalia.