Taa, Siki na Ridhaa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini saratani ya shingo ya kizazi ni ufa usioonekana. Mwanamke hupika, huuza sokoni, hulea wanawe, wala hasikii maumivu. Anapoanza kutokwa damu, mara nyingi ukuta umekwisha kuanguka.

Mwaka 1925 daktari wa Kijerumani, Hans Hinselmann wa Hamburg, aliutafuta ufa huo kwa mwanga. Alitwaa lenzi za kukuzia, akazifunga pamoja na taa kali. Chombo hicho, kolposkopu, kilimwezesha kuikagua shingo ya kizazi bila kukata chochote. Baadaye aliipaka asidi hafifu ya asetiki, ndiyo ile iliyomo katika siki. Palipo pazima palibaki na wekundu wake. Palipoanza kuharibika pakawa peupe. Sababu ni kwamba asidi hugandisha protini, nazo zimejaa zaidi katika seli mbovu. Mwanga hushindwa kupenya hadi kwenye mishipa ya damu, ukarudi machoni mweupe.

Tumsifu, lakini tusisahau. Wakati wa vita, wanawake wafungwa katika kambi ya Auschwitz walikaguliwa kwa chombo hicho bila hiari yao, na vipande vya miili yao vikapelekwa kwa Hinselmann. Mwaka 1946 alihukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa kuwafunga uzazi kwa nguvu wanawake wa Kiroma.

Mtu aliharibika, ujuzi ukabaki. Huko Mumbai, India, wanawake wapatao 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 12. Nusu yao waliitwa kukaguliwa na wahudumu wa afya wa kawaida, kwa siki na taa tu. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo vya ugonjwa huo kwao vilipungua kwa asilimia 31. Kipimo hicho kinatumika pia Tanzania na Kenya. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha virusi vya HPV kitangulie, lakini penye uhaba wa maabara siki bado inaokoa.

Basi dada zangu, mama zangu, wanawake wa Auschwitz hawakuulizwa. Ninyi mna haki ya kuulizwa, kuelezwa na kuitikia. Muuguzi asiyeeleza humfukuza mgonjwa, na taa haimwoni asiyekuja. Nendeni mapema, ufa ungali mdogo.