Bangi na Ubongo wa Kijana

Bangi ni mmea wa kulevya ambao madhara yake hutegemea sana umri wa mvutaji alipoanza. Ubongo wa binadamu hukaribia ukubwa wake kamili utotoni, lakini mishipa yake ya mawasiliano huendelea kupangwa upya hadi miaka 25 hivi. Maeneo ya raha na hisia kali hutangulia kukomaa. Gamba la mbele, lililo nyuma ya paji la uso, ambalo hupima matokeo na kuzuia pupa, huwa la mwisho.

Kiini cha ulevi wa bangi ni THC, kemikali iliyotengwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni nchini Israeli. THC hunasa kwenye vipokezi ambavyo mwili unavyo kwa ajili ya kemikali zake wenyewe. Wakati wa balehe kemikali hizo husaidia kuamua miunganiko ipi ya seli za neva ibaki na ipi iondolewe, na hapo ndipo THC huvuruga kazi. Kwa muda mfupi, kijana husahau alichofundishwa asubuhi na hushindwa kutulia na jambo moja.

Je, akili hupungua kabisa? Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliofuatilia watu 1,037 waliozaliwa 1972–1973, ulieleza mwaka 2012 kwamba walioanza ujanani na kuendelea kwa miaka mingi walishuka kwa takriban pointi 8 za kipimo cha akili. Utafiti wa mapacha wa Marekani wa mwaka 2016 haukuona tofauti kati ya pacha aliyevuta na mwenzake asiyevuta, hivyo malezi na mazingira huenda yana sehemu yake. Hoja kwamba bangi hupunguza akili kabisa si imara kama inavyohubiriwa.

Ushahidi kuhusu skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, una uzito zaidi. Nchini Uswidi, uchunguzi wa wanajeshi kuruta zaidi ya 45,000, uliochapishwa 1987, ulikuta kwamba waliokwisha kuvuta zaidi ya mara 50 walikuwa na hatari ya kuugua mara sita ya ile ya wasiovuta, ingawa wengi wao hawakuugua. Huku kwetu, kijana anayesikia sauti mara nyingi husemwa ana mapepo, na tiba huchelewa.

Kumbukumbu huanza kurejea ndani ya wiki ya kwanza ya kuacha. Wiki hiyohiyo huja na hasira na kukosa usingizi, dalili ambazo mzazi anaweza kudhani ni ushahidi kwamba mtoto bado anavuta.